Dirisha Hili Wewe Mgeni, Lile Wewe Mwenyeji: Kusoma Uganda kwa Mtanzania na Mkenya

Kila Agosti ikikaribia, simu yangu haitulii. Safari hii alianza mama mmoja wa Mwanza ambaye binti yake amepata nafasi katika chuo kimoja hapa Kampala. Jirani kamwambia mtu wa Afrika Mashariki hahitaji kibali chochote. Wifi yake anashikilia kwamba mgeni hulipa ada kubwa kuliko Mganda. Mwalimu mstaafu wa mtaani naye kaongeza kwamba vyeti vyetu huko "havisomeki". "Sasa mwanangu, nishike lipi?"

Nilikuja Kampala kutoka Tanga kama mwanafunzi, na huu ni mwaka wa sita. Nilimjibu kama ninavyowajibu wengine: mama, kila mmoja wao ana punje ya ukweli, ila kila mmoja anazungumzia dirisha lake.

Neno linalotuvuruga ni "mgeni". Tunadhani kuna ofisi moja inayoamua nani mgeni na nani mwenyeji, kisha wengine wote wanafuata. Haipo. Uhamiaji wana maana yao ya mgeni, wanaosoma vyeti wana yao, na wahasibu wa chuo wana yao. Mtanzania au Mkenya anayesoma Uganda ni kama shemeji nyumbani kwa wakwe: siku ya kuchinja mbuzi ni mtu wa nyumbani kabisa, siku ya kugawa shamba anaombwa akae nje kidogo.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Makerere ilianza mwaka 1922, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa chuo cha eneo zima. Nyerere alisoma pale, Kibaki akasoma, Mkapa akasoma. Kati ya 1963 na 1970 kulikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki chenye matawi matatu, na kazi iligawanywa: udaktari ulisomwa Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Mitihani ya sekondari nayo ilikuwa na baraza moja. Kisha kila nchi ikashika njia yake. Tanzania ilijitoa kwenye baraza hilo mwaka 1971, Kenya na Uganda zikaachana baadaye, na mwaka 1985 Kenya ikaanza mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo) uliofuta kidato cha tano na cha sita. Karibu kila swali ninaloulizwa mwezi Agosti linatoka kwenye talaka hizo.

Dirisha la uhamiaji

Hapa ndipo unapokaribia zaidi kuwa mwenyeji. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na chini yake raia wa nchi mwanachama huingia bila viza na anaweza kupewa hadi miezi sita kama mgeni wa kawaida. Mkenya amekuwa akivuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Mtanzania hayumo katika mpango huo wa vitambulisho, hivyo mpakani Mutukula aje na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria.

Miezi sita hiyo ndiyo huzaa ule usemi wa "hakuna kibali". Nimewasikia vijana wakipanga kutoka hadi mpakani Busia kila muhula, wagongewe muhuri mpya, warudi darasani. Muhuri ule ni wa mtembezi. Anayesoma anatakiwa kuwa na kibali cha mwanafunzi, na kwa raia wa Afrika Mashariki kibali hicho hakilipiwi. Hapo kwenye "hakilipiwi" ndipo watu wanaposikia "hakihitajiki". Kadi ya kliniki ya mtoto nayo ni bure, lakini jaribu kwenda kumchanja bila hiyo kadi. Maombi hufanywa mtandaoni kwa barua ya chuo ya kukubaliwa, pasipoti na picha. Mkenya aliyevuka kwa kitambulisho tu ndipo hugundua kwamba pasipoti ingemrahisishia mambo mengi.

Njoo pia na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Sindano moja inatosha maisha yote, lakini kadi ikibaki Tanga ni kama hukuchanjwa, na wakati wa kurudi Tanzania wataidai kwa sababu unatoka Uganda.

Dirisha la vyeti

Hapa watu huumia, na huumia kimyakimya, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Uganda husoma miaka saba ya msingi, minne ya sekondari ya chini, miwili ya juu, kisha chuo. Tanzania ni hivyohivyo kwa muda mrefu sasa. Mtanzania wa kidato cha sita kwa hiyo hana ugomvi mkubwa: matokeo yake yanapelekwa kwa Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, lenye ofisi Ntinda, nalo linayatafsiri katika viwango vya Uganda. Kazi hiyo huitwa kulinganisha vyeti. Ni kama kubadilisha fedha mpakani. Noti yako si bandia, ila dukani hawaipokei mpaka uibadilishe.

Mkenya ndiye hukuta kisiki. Nyumbani kwao KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ndiyo mlango wa chuo kikuu, na anayepata C+ anaweza kusomea digrii. Uganda huhesabu miaka, na KCSE inawekwa sawa na cheti chao cha kidato cha nne. Kwa hesabu hiyo mwenye A tupu kutoka Kakamega bado "hajamaliza" sekondari. Njia zilizopo ni kuanza na diploma, au kusoma kwanza kozi ya daraja, yaani ya kuvukia pengo hilo, inayotambuliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la Uganda, NCHE. Wapo wanaolichukulia hili kama dharau. Mimi silioni hivyo. Mifumo miwili iliachana barabarani mwaka 1985, na mwanafunzi wa leo anatembea ile hatua iliyobaki katikati.

Uzushi hatari zaidi umekaa hapohapo: kwamba Uganda ni uchochoro wa aliyefeli. Mtu wa D, au Mtanzania aliyeishia kidato cha nne, anaambiwa na dalali kwamba miezi michache ya kozi ya daraja inamfikisha kwenye digrii, halafu akirudi nayo nyumbani hakuna atakayeuliza. Wataulizwa. Nitalirudia hili mwishoni, kwa kuwa hilo dirisha haliko Uganda.

Dirisha la fedha

Kuna maneno mawili ya kutenganisha. Ada ya masomo ni ya kufundishwa. Pembeni yake kuna ada za uendeshaji: usajili, maktaba, mitihani, kitambulisho, chama cha wanafunzi, na vitu vingine vidogovidogo vyenye tabia ya kuongezeka. Tangazo la chuo mara nyingi hutaja ile ya kwanza kwa herufi kubwa. Mzazi akipanga bajeti kwa tangazo, Septemba atakuwa anakopa.

Je, Mwafrika Mashariki analipa kama Mganda au kama Mjerumani? Inategemea chuo, na wakati mwingine inategemea kozi. Vyuo vingine hutuweka safu moja na wenyeji, vingine hutupa safu yetu peke yetu, vingine hutuweka na dunia nzima. Usiulize "ada ni kiasi gani". Omba karatasi yenye jedwali la ada, kisha uliza wewe uko safu ipi.

Hata ukilipa, hujamaliza. Kwenye vyuo vingi hapa kuna hatua tatu ambazo kwetu huunganishwa: kuthibitisha kwenye mfumo kwamba muhula huu upo, kulipa, kisha kusajili masomo. Malipo hufanywa kwa namba maalumu unayoitoa kwenye mfumo, ambayo Mtanzania akiitazama ataitambua mara moja kama kontro namba.

Mimi muhula wa kwanza nililipa, nikatunza risiti, nikalala usingizi wa mtu asiyedaiwa. Siku ya mtihani msimamizi alipitisha kidole kwenye orodha, akarudi juu, akapitisha tena. Jina halikuwepo. Nilikuwa nimelipa bila kusajili masomo. Nilitoka nje huku wenzangu wakigeuza karatasi za maswali, nikazunguka ofisi tatu na risiti ya benki iliyolowa jasho mkononi. Mtihani wa somo lile niliufanya mwaka uliofuata.

Sabini si A

Hakuna jambo linalomshangaza mgeni wa mwaka wa kwanza kama matokeo. Kwenye vyuo vingi vya Kenya na Tanzania alama 70 ni A, na 40 inavusha. Kwa kipimo kinachotumika Makerere na vyuo vingi vinavyofanana nayo, kuvuka ni 50, A inaanza 80, na ile 70 yako uliyowapigia simu nyumbani ni B. Hakuna aliyekuonea. Ni rula yenye mistari tofauti.

Kila alama hubadilishwa kuwa pointi: 80 kwenda juu ni 5.0, 75 hadi 79 ni 4.5, 70 hadi 74 ni 4.0, inashuka hivyo hadi 50, ambayo ni 2.0. Kisha kila somo lina uzito wake unaoitwa krediti. Krediti moja ni kama saa moja ya darasa kwa wiki katika muhula mzima. Wastani wako hauhesabiwi kwa kujumlisha masomo na kugawanya, unapimwa kama mizigo kwenye mizani. Chukua somo la krediti 4 ulilopata 75: 4.5 mara 4 ni 18. Somo la krediti 3 ulilopata 52: 2.0 mara 3 ni 6. Jumla 24, gawa kwa krediti 7, unapata 3.43. Hiyo ndiyo GPA. Daraja la kwanza linaanza 4.40, la pili la juu 3.60. Anayekesha akisomea somo la krediti 2 huku la krediti 5 linamponyoka anapalilia bustani wakati shamba linaliwa na ngedere.

Neno "sapu" lisahau. Kwetu ukianguka somo unarudi mapema, unafanya mtihani wa nyongeza, maisha yanaendelea. Hapa unasikia "ritek": unalisubiri somo mpaka litakapofundishwa tena, unalilipia, unalikaa upya pamoja na wadogo zako. Wastani ukishuka chini ya 2.0 unawekwa kwenye uangalizi, na ukiendelea hivyo unaondolewa, ndiyo ile tunayoiita disko. Ukiugua au ada ikikwama, kuna utaratibu wa kuomba mapumziko rasmi, ambao wanafunzi wenyewe wanauita mwaka mfu. Jina baya, lakini aliyeuomba kwa barua hurudi, na aliyetoweka tu hukuta amefutwa.

Maneno yaleyale, vitu tofauti

Sasa tutoke ofisini. Siku yako ya kwanza mtu atakwambia panda taksi mpaka Wandegeya. Utatafuta gari dogo, utahofia bei. Taksi ya Kampala ni daladala, ni matatu: ile Hiace nyeupe yenye mkanda wa miraba ya buluu, abiria kumi na wanne. Gari dogo la kukodi linaitwa "speshali". Mvua ikianza, na muhula wa Agosti ni wa mvua, nauli hupanda kabla hujafungua mwavuli.

Kwenye kibanda cha chakula kule Kikoni, zilikojaa hosteli za wanafunzi wa Makerere, nilimwambia mama nataka chakula. Akaniuliza: "Na sosi?" Nikamwambia sipendi nyanya ya chupa. Alicheka mpaka akashika meza. Kwa Waganda chakula ni kile kinachoshibisha: matoke, viazi vitamu, mihogo, wali, boga, na posho. Sosi ni kitoweo: maharage, nyama, samaki, au binyebwa, mchuzi wa karanga wenye rangi ya waridi iliyofifia. Na bei ni ya sosi. Chakula unachanganyiwa, hata aina nne kwenye sahani moja, bila kuongeza shilingi. Mwanafunzi aliyeelewa hilo huagiza maharage na kushiba mpaka kesho.

Posho, kwa njia, ni ugali. Mtanzania akisikia chuo kinatoa posho kila siku asifurahi mapema. Jioni hela zikiisha kuna "kikomando", chapati iliyokatwakatwa na kumwagiwa maharage, na kuna roleksi, chapati iliyoviringishwa na mayai, ambayo kila Mkenya huniambia angeianzisha Nairobi akawa tajiri.

Hela zenyewe zinahitaji kichwa kitulivu. Mkenya yuko salama kwa sababu tofauti ni kubwa: anagawa kwa 28 hivi, anaona ukweli. Mtanzania ndiye hupotea, maana shilingi yetu na yao zinafanana tarakimu, ya kwetu ikiwa na thamani kubwa kidogo, moja ikiwa kama 1.4 za huku. Unaona 50,000 na mkono unaitendea kama ya nyumbani. Viwango hubadilika, lakini kosa ni lilelile. Pesa za kwenye simu zinapokelewa kila kona, ila ukitoa taslimu serikali hukata asilimia 0.5 mbali na makato ya kampuni, yaani shilingi 500 kwa kila 100,000. Wengi hujizoeza kulipia moja kwa moja kwa simu.

Hosteli hulipiwa kwa muhula, na pesa ya kushikilia chumba mara nyingi hairudi, kwa hiyo mtume mtu akione kwanza. Umeme ni wa kununua kabla ya kutumia, kama LUKU ya Tanzania, na watu wamezoea kuuita Yaka. Bima ya afya ya nyumbani haisomi huku. Facebook ilifungwa Januari 2021, wakati wa uchaguzi, na miaka ikapita bila kufunguliwa kwa wazi, hivyo usipange kumpata mtu wa Kampala kupitia huko.

Kiswahili chetu hapa

Baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na Katiba ilikuwa imekitaja kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005. Mtu akisoma hivyo anashuka basi akiongea. Lakini Kampala ni mji wa Kiganda na Kiingereza, na kwa wazee wengi wa hapa Kiswahili ni lugha waliyoisikia kwanza kutoka kwa askari, kwenye kizuizi cha barabarani, miaka ya Amin na baada yake. Watu wa kaskazini na mashariki mwa nchi hawana shida hiyo, wala vijana wengi wa bodaboda.

Mlezi wa hosteli yetu, wanamwita kastodiani, alikuwa mama wa makamo. Asubuhi yangu ya kwanza nilimwamkia: "Shikamoo, mama." Alinitazama kwa muda, kisha akauliza kwa Kiingereza kama mimi ni mwanajeshi. Jioni mwenzangu wa chumba akanifundisha. Kesho yake nikasema, "Wasuze otya nno, nnyabo?" Aliweka ndoo chini. Akajibu, nikaitika, akauliza za nyumbani, nikasema nzuri, akasema "mmm", nikasema "mmm", akasema "eee", na tukaendelea hivyo kwa kushushiana sauti mpaka salamu ikaisha yenyewe. Siku hiyo balbu yangu iliyoungua ilibadilishwa.

Habari njema ni kwamba Kiganda ni binamu. Kusoma ni okusoma, kula ni okulya, maji ni amazzi, hata saa huhesabiwa kama zetu. Ila binamu ana mitego. "Kale" kwao ni sawa, haihusu zamani. Kugula ni kununua, na kutunda ni kuuza. Sokoni Wandegeya mwanamke aliniambia "ntunda miyembe", nami nikamjibu kwa heshima zote kwamba ndiyo, najua embe ni tunda.

Dirisha la mwisho liko nyumbani

Ukimaliza na kuvuka mpaka kurudi, wewe si mgeni tena. Safari hii mgeni ni digrii yako. Tanzania itapita kwa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania; Kenya kuna Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na mamlaka ya sifa za kitaifa. Wao hawatazami tu ulivyotoka, wanatazama ulivyoingia: matokeo ya sekondari, daraja ulilopitia, kama chuo na kozi vilikuwa vimeidhinishwa na NCHE wakati unasoma. Hapo ndipo yule wa D aliyepitishwa uchochoroni husimama na cheti kizuri kisichofungua mlango. Udaktari, uuguzi na sheria zina mabaraza yao juu ya hayo, na madaktari waliosomea nje hufanyishwa mtihani kabla ya mafunzo kazini.

Kwa hiyo yule mama wa Mwanza nilimwambia asinitumie mimi swali, alitume TCU, sasa, kabla hajalipa hata shilingi: chuo hiki, kozi hii, mtoto mwenye matokeo haya, mtamtambua? Alinipigia tena juzi. Wamemjibu vizuri. Alichobaki nacho ni kwamba jina kwenye cheti cha kuzaliwa cha binti lina "h" moja ambayo kwenye pasipoti haipo, na nimemwambia hilo alimalizie Mwanza, kwa hati ya kiapo, kabla basi halijaondoka.